Kompyuta Iliyojifunza Kumsikia Bupe

Mwanamke aliyefika kwenye ofisi ya msaada wa kisheria pale Tandika alikuwa anakalishwa kwenye kiti cha plastiki, anapewa maji, halafu anaambiwa aeleze. Mbele yake alikuwa amekaa Bupe, mhazili wa ofisi, na kompyuta yake kaisogeza pembeni kidogo ili isimkinge mgeni. Mgeni akianza kusema, Bupe alikuwa anamtazama usoni tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, huku vidole vyake vikikimbia juu ya kibodi kama vina akili yao wenyewe. Hakuinamia mashine hata mara moja. Wengi walisahau kabisa kwamba wanaandikwa. Walidhani wanaongea na mama mmoja mtu mzima mwenye subira, na wakimaliza wanashangaa kuona printa inatema karatasi zenye maneno yao yote.

Kupiga chapa bila kuangalia alijifunza kwenye chuo cha uhazili Tabora, zama zile za mashine za kugonga, ambako mwalimu alikuwa anavifunika vitufe kwa kitambaa na kuwaambia wanafunzi watazame ukutani. Bupe alitokea Tukuyu. Baada ya chuo alikuja Dar es Salaam, akaolewa na Kornelio, fundi wa mitambo ya kubebea makontena bandarini, wakajenga Mtoni Kijichi na kuzaa binti mmoja, Lulu, ambaye sasa ameshaolewa na yuko Kahama. Mtaani na ofisini watu wakamzoea kwa jina la Mama Lulu. Miaka yake mingi ya kazi ilikuwa pale Tandika, na yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba atatoka pale siku watakayomtoa amebebwa.

Ugonjwa ulianza na vifungo vya blauzi. Asubuhi moja alisimama mbele ya kioo akihangaika na kifungo cha shingoni mpaka chai ikapoa mezani, na mwishowe Kornelio ndiye aliyemfunga, akimtania kwamba amekuwa bibi harusi upya. Bupe alicheka. Lakini vidole vilikuwa vimekaza kama kamba mbichi, na vifundo vyake vimevimba na kuwa na joto. Hospitalini daktari alivigeuzageuza, akaagiza vipimo, kisha akamwambia ni baridi yabisi ya viungo. Dawa zitaipunguza kasi, akasema, ila vidole vyenyewe inabidi vipumzishwe.

"Daktari, vidole ndiyo kazi yenyewe," Bupe alimwambia.

"Basi kazi itafutiwe njia nyingine, mama."

Njia nyingine hakuijua, kwa hiyo aliamua kuficha. Akawa wa kwanza kufika ofisini. Alikuwa anachemsha maji, anayamimina kwenye bakuli ndani ya stoo ya makaratasi, na kuloweka mikono mpaka vidole vianze kukunjika. Kwa saa moja au mbili baada ya hapo alikuwa Bupe wa siku zote. Ikikaribia adhuhuri herufi zinaanza kumponyoka. Makosa ambayo hakuwahi kuyafanya tangu Tabora yakawa yanarudi mezani kwake yamezungushiwa wino mwekundu.

Wakili Farida, mkuu wa ofisi, alimkuta stoo. Alikuwa amefuata bahasha, akasukuma mlango, na hapo akamwona Bupe amekaa juu ya boksi, mikono yote miwili ndani ya bakuli, machozi yanamtoka kimyakimya. Farida alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi hivi, mwanamke wa maneno machache na wa kufuata taratibu. Alifunga mlango, akavuta boksi jingine, akakaa.

"Mama Lulu, tangu lini?"

"Tangu kabla ya Pasaka."

"Na mie nakurudishia makosa kila siku kama mwalimu wa shule!" Farida alishika kichwa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, Wakili? Kwamba mhazili wako hana vidole?"

Farida hakumfukuza. Wala hilo halikumpitia akilini. Alimwambia kwamba kwa sasa akae mapokezi, awe anawakaribisha wageni, na yeye Farida atachukua maelezo mwenyewe mpaka wajue la kufanya. Kwa Farida huo ulikuwa ni wema. Kwa Bupe ulikuwa kama kuambiwa akae barazani wakati nyumba ni yake. Alikubali kwa sababu hakuwa na jingine, na jioni ile alimsimulia Kornelio akiwa amempa mgongo, asionekane uso.

Wiki mbili hazijaisha, akaja mwanamke mmoja aitwaye Rosalia. Alikuwa fundi cherehani kutoka Yombo, mjane, na shemeji yake alikuwa anampiga ili ahame kwenye nyumba aliyoachiwa na mumewe. Bupe alimpokea, akampa maji, akamwingiza ndani kwa Farida. Hakukaa sana. Alipotoka alikuwa kajifunga mtandio vizuri kama mtu anayekwenda sokoni, akaaga, akaondoka.

"Ameshamaliza?" Bupe aliuliza.

Farida alimwonyesha karatasi. Kulikuwa na mistari michache tu. "Nilikuwa naandika, nainua kichwa, namuuliza, naandika tena. Kila nikiinama anapunguza maneno. Mwisho ameniambia, nilipigwa, basi. Kwa haya sina kesi, Mama Lulu. Hakimu ataniuliza lini, wapi, kwa kitu gani, nani aliona. Sina hata moja."

Siku ile Bupe hakula mchana.

Kornelio ndiye aliyeleta wazo la kwanza. Alikuwa na tabia ya kutuma ujumbe kwa kuongea na simu, simu inaandika yenyewe. "Si ufanye hivihivi?" alisema. "Mtu anaongea, simu inaandika, wewe unakaa zako." Bupe alilibeba wazo lile mpaka ofisini kama mtu aliyebeba yai. Farida alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Simu haiandiki yenyewe. Inapeleka sauti mbali huko kwenye mitambo ya watu, ndiyo inarudishiwa maandishi. Maneno ya hawa wanawake hayatakiwi kutoka humu ndani. Hilo tumewaahidi wote. Samahani, Mama Lulu, hapana."

Na alikuwa na haki. Bupe mwenyewe angejibu hivyohivyo.

Ijumaa iliyofuata alitumwa kununua rimu za karatasi kwenye duka la Bi Hayat, karibu na soko. Bi Hayat na marehemu mumewe walikuwa wanauza vifaa vya shule na ofisi pale tangu Bupe hajafika mjini. Mtoto wao wa kiume, Thuwaini, alikuwa mtaalamu wa programu za kompyuta. Alikuwa ameajiriwa na kampuni moja mjini na kuhamia Kawe na mkewe, ila kila Ijumaa baada ya swala alikuja kumsalimia mama yake, na ndiye aliyewahi kuzifunga kompyuta za ofisi ya akina Bupe.

"Shikamoo, Mama Lulu. Mbona umepotea?"

"Marahaba, baba. Sijapotea, nimehamishiwa mlangoni." Alisema kwa utani, lakini hakutabasamu, na Thuwaini akamvutia kiti.

Bupe akamweleza yote, kuanzia kifungo cha blauzi mpaka simu ya Kornelio na jibu la Farida. Thuwaini alivua kofia yake, akawa anaichezea.

"Wakili yuko sahihi," alisema. "Lakini siku hizi zipo programu za kutambua sauti zinazokaa humohumo ndani ya kompyuta. Unazima mtandao kabisa na bado zinaandika. Hata za Kiswahili zipo. Ishu ni kwamba ile programu yenu ya kuandikia haina mlango wa kuziingiza. Inajua vidole tu."

"Si uwekwe mlango?"

Thuwaini akacheka. "Unawekeka. Ila lazima mtu auchonge."

Ndipo akamweleza jambo ambalo Bupe hakuwahi kulijua. Programu ile ya ofisi aliyoitumia miaka yote ilikuwa programu huria. Haiuzwi, na msimbo wake, yaani maandishi yale yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma na kuurekebisha. Watu wa nchi mbalimbali wanaijenga kwa kujitolea, kila mmoja anatengeneza kipande chake, wengine wanakikagua, kikifaa kinaingizwa na dunia nzima inakitumia. Thuwaini alikuwa mmoja wao. Menyu za Kiswahili ndani ya programu ile, zile za "Hifadhi" na "Chapisha" na "Tendua", nyingi alizitafsiri yeye. Bupe alikuwa akibofya maneno ya Thuwaini kila siku bila habari.

"Nitajaribu," Thuwaini alisema. "Siahidi, Mama Lulu. Nitajaribu."

Alijaribu mwezi mzima, kila alipotoka kazini. Jumamosi moja akaja ofisini na kompyuta yake na maikrofoni ndogo ya kubana kolani. Hapakuwa na wateja. Farida alikuja pia, akasimama mlangoni kakunja mikono.

Thuwaini akaanza yeye. "Leo ni Jumamosi, na mvua imenyesha Tandika nzima." Maneno yakajipanga kwenye ukurasa, mkato mahali pake, nukta mahali pake. Bupe alipiga makofi ya furaha, akajuta papo hapo kwa jinsi yalivyomuuma.

Zamu yake ilipofika, hakutaka kutumia maneno ya mteja yeyote. Akatunga yake. Alitaka kusema: zamani tuliishi vizuri, baadaye akaanza kunipiga zaidi. Lakini Bupe ni mtu wa Tukuyu. Miaka yake yote ya Pwani haikuwahi kuiondoa lafudhi ya nyumbani. Zedi ilikuwa inamtoka nyepesi kama esi, na re inateleza kuwa le. Kompyuta ikaandika: *Samani tuliishi msuli. Baadaye akaanza kunipiga Saidi.*

Thuwaini aliangua kicheko, na Bupe pia, wakacheka mpaka Farida naye akalegeza mikono. Kisha Bupe akaisoma tena ile sentensi, kicheko kikamkauka.

"Huyu Saidi ni nani?" aliuliza. "Hii ikifika kwa hakimu, kuna Saidi wa watu atakamatwa."

Hakuna aliyecheka tena. Thuwaini alimwomba, kwa upole, ajaribu kutamka polepole, kama mtangazaji wa redio. Alijaribu. Akitulia na kuisukuma kila zedi, kompyuta ilipata maneno mengi. Lakini kila alipoongea kwa kasi ya mtu anayesimulia jambo, Saidi alirudi, na safari nyingine akaja na Salehe. Nusu saa baadaye taya zilikuwa zimechoka kuliko vidole. Kule chuoni wenzake walikuwa wanamshika mkono barazani na kumwambia, "Bupe, hebu sema zizi," halafu wanakimbia wakicheka. Alidhani ameshayasahau hayo. Alivua maikrofoni, akamshukuru Thuwaini kwa adabu zote, akaenda zake nyumbani.

Kornelio alikuwa anafua ovaroli uani. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kufua.

"Siku nilipokuja kukuchumbia, si uliongea hivyohivyo?" alisema.

"Niliongea hivyohivyo."

"Nilisikia umekubali au nilisikia jingine?"

Bupe akatabasamu bila kupenda.

"Mie nakusikia, wateja wanakusikia, kanisani wanakusikia. Kama hiyo mashine haisikii, basi ikafundishwe yenyewe. Wewe umeshasoma Tabora, inatosha."

Jumatatu, Thuwaini alipiga simu kabla Bupe hajamaliza kufungua madirisha ya ofisi. Alikuwa na aibu kidogo kwenye sauti. "Mama Lulu, juzi nilikosea. Nilikwambia ubadilike wewe. Nimekwenda kuangalia hiyo programu imefundishwa kwa sauti za nani. Karibu zote ni za watu wa redio na watu wa Pwani kama mie. Haijawahi kusikia mtu wa kwenu hata mmoja. Inaweza kufundishwa, ila nahitaji sauti. Yako, na nyingine nyingi za namna yako."

Sauti za namna hiyo Bupe alijua pa kuzipata. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisa la Moraviani, na nusu ya kwaya ilikuwa ya watu wa Tukuyu na Kyela. Jumapili, baada ya mazoezi, Thuwaini alikaribishwa ukumbini na kompyuta yake. Alimwamkia kila mtu mzima, akaeleza anachotaka, akajibu maswali. Mzee mmoja wa besi alitaka kujua kama sauti yake itatumika kutapeli watu, na Thuwaini akamwonyesha sentensi zote zitakazosomwa na kumwambia yuko huru kukataa. Mzee akazisoma zote kabla ya kuketi kwenye maikrofoni.

Walisoma matangazo ya kanisa. Walisoma namna ya kupika ndizi kwa nyama, namna ya kupanda viazi kwenye mteremko, habari za mpira, ugomvi wa majirani wa kutunga. Bupe ndiye aliyeziandaa sentensi, akazijaza maneno kama zaidi na zamani na vizuri na zizi na mizizi na kurudi na kulala mpaka waimbaji wakawa wanavunjika mbavu.

"Kwa hiyo tunaifundisha kompyuta kuongea kishamba?" aliuliza mama mmoja wa sauti ya pili, akijifuta machozi ya kicheko.

"Kuongea haiongei," alisema Bupe. "Inasikiliza tu. Soma, mama, usituchelewesheee!"

Ilichukua Jumapili kadhaa. Katikati yake likazuka swali la wateja: kila mwanamke ana sauti yake, na wengine wanaongea wakilia. Kompyuta itawezaje? Bupe akapata jibu akiwa anamtazama Farida akimtafsiria mgeni barua ya Kiingereza kutoka mahakamani, sentensi kwa sentensi. Kompyuta isimsikilize mteja hata kidogo. Imsikilize Bupe tu. Mteja atasema, na yeye atayarudia maneno yaleyale kwa sauti ya chini, neno kwa neno, akiwa anamwangalia. Tena akaongeza sharti. "Nataka kitufe kimoja kikubwa cha kuinyamazisha," alimwambia Thuwaini. "Na nataka rangi pale juu ya ukurasa, nijue sasa inasikia, sasa haisikii. Kuna mambo mtu anakwambia, halafu anasema, hili usiandike. Hilo lazima nimuonyeshe kwa macho yake kwamba haliandikwi."

Thuwaini akachonga. Akaupeleka msimbo wote kwa wakaguzi wa programu ile. Hapo ndipo Farida aliposhika msimamo. Alikuwa ameona jinsi kazi inavyokwenda na alifurahi, lakini hakuruhusu maelezo ya mteja hata mmoja yapite mle mpaka wakaguzi wathibitishe.

"Nakuamini, Thuwaini," alimwambia, "lakini hili silipitishi kwa kumwamini mtu mmoja. Wengine wausome msimbo wako, waseme kweli sauti haitoki nje ya kompyuta hii. Si ndiyo faida ya kuwa wazi?"

"Ndiyo faida yake," Thuwaini alikiri, ingawa alikuwa na hamu ya kumaliza.

Wakaguzi waliirudisha kazi. Kwenye kompyuta za zamani programu ilikuwa inaganda mara tu inapoanza kusikiliza, na kompyuta za ofisi ile ya Tandika zilikuwa za zamani hasa. Thuwaini akarekebisha, akapeleka tena. Wakairudisha: ukurasa ukiwa na majedwali, maneno yanaangukia mahali pasipo pake. Akarekebisha. Kisha ukaja ukimya. Bupe mapokezini alikuwa anasema karibu, kaa pale, na kila Thuwaini alipopiga simu alikuwa anaiwahi kabla haijaita mara ya pili, na kila safari jibu lilikuwa bado. Kwenye kikao cha wafanyakazi Farida alisema, kwa uso wa mtu asiyependa anachosema, kwamba mwezi ujao watatangaza nafasi ya mhazili. Kazi zilikuwa zimelundikana. Bupe aliitikia kwa kichwa. Aliporudi nyumbani alianza kuyazoea maisha mengine kichwani: kurudi Tukuyu, kufuga kuku, kumlea mjukuu akija.

Ilikuwa alasiri ya Jumamosi, yuko uani anachambua mchele kwenye ungo, punje moja moja kwa sababu vidole havikutaka haraka, simu ikaita. Alikuwa Thuwaini. Kornelio akamwekea sikioni.

"Mama Lulu! Imepita!"

"Nini imepita?"

"Yote! Wameukagua msimbo wote, wameukubali, umeingizwa. Mkaguzi mmoja ameandika kwamba sauti haitoki, amejaribu kila njia na haitoki. Na kile kitufe chako na ile rangi, wamesema viwe hivyo kwa lugha zote, si Kiswahili tu. Ishatoka mikononi mwangu. Ni ya watu wote sasa!"

Bupe aliuachia ungo. Alikaa chini palepale kwenye mkeka, miguu kainyoosha, akashusha pumzi ndefu ambayo Kornelio alisema baadaye ilisikika mpaka kwa jirani. Kisha akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na kuku wakaufuata mchele uliomwagika kutoka kwenye ungo, na hakuna aliyewafukuza.

Farida alisoma maneno ya wakaguzi mwenyewe, mstari kwa mstari, Thuwaini akimfafanulia. Halafu akamwambia Bupe, "Rudi kwenye meza yako." Kisha akampigia simu Rosalia.

Rosalia alikuja akiwa hana imani. Alikaa kwenye kiti cha plastiki ukingoni, mkoba mapajani. Bupe alimpa maji, akamwonyesha maikrofoni, akamweleza kila kitu: nani anasikilizwa, wapi maneno yanakwenda, wapi hayaendi. Akauchomoa waya wa mtandao mbele yake. Akamwonyesha alama ya kijani, akabonyeza kitufe, ikawa nyekundu, akabonyeza tena.

"Ikiwa nyekundu, ni mimi na wewe tu."

"Anza na nyekundu," alisema Rosalia.

Wakaongea kwenye nyekundu muda mrefu. Aliyoyasema hapo hayamo kwenye faili lolote. Baadaye yeye mwenyewe akasogeza kiti mbele na kusema, "Washa."

"Shemeji alikuja Alhamisi jioni," Rosalia alisema, "nikiwa namalizia sare za shule."

"Shemeji alikuja Alhamisi jioni nikiwa namalizia sare za shule," alirudia Bupe kwa sauti ya chini, akimwangalia.

Rosalia alinyamaza. Bupe akadhani amemuudhi. Lakini mwanamke yule alikuwa anasikiliza, kichwa kakiinamisha upande, kama mtu anayesikia habari za mtu mwingine kabisa na kumwonea huruma. Akaendelea. Alitaja waya wa pasi. Alitaja jirani aliyechungulia dirishani. Bupe akarudia, na mahali fulani Rosalia akamkatiza: "Hapana, si mkono wa kulia. Wa kushoto. Nilijikinga na wa kushoto." Bupe akasahihisha. Kila maneno yake yaliporudi kwake, Rosalia aliyakagua, akayakubali au akayanyoosha, na kadiri walivyoendelea alikaa wima zaidi, mpaka mkoba ukawa umeshushwa chini.

"Nilipopiga kelele akanipiga zaidi."

"Nilipopiga kelele akanipiga zaidi," alisema Bupe, kwa Kiswahili chake cha Tukuyu, bila kukisukuma. Kwa mara ya kwanza tangu waanze kuandika alitupa jicho kwenye skrini. Hapakuwa na Saidi. Neno lilikuwa limeandikwa kama lilivyosemwa. Akarudisha macho kwa Rosalia.

Farida aliyasoma maelezo yale amesimama, kisha akakaa na kuyasoma tena. "Lini, wapi, kwa kitu gani, nani aliona," alisema. "Yote yamo." Tangazo la nafasi ya kazi halikutoka tena.

Toleo jipya la programu lilipoachiwa, Thuwaini alianza kupokea ujumbe kutoka kwa watu asiowajua. Mwalimu mmoja wa Rungwe aliyevunjika mkono kwenye ajali alikuwa anaandaa mitihani kwa mdomo. Karani mmoja wa Pemba alilalamika kwamba haimsikii yeye, na Thuwaini akamjibu, "Nitumie sauti za kwenu, kaka." Wakaanza upya na Wapemba. Alikuwa akimsomea Bupe ujumbe huo kila Ijumaa dukani kwa Bi Hayat, na Bupe alikuwa anasema tu, "Alhamdulillah," kumfurahisha Bi Hayat, ambaye alikuwa anajibu, "Bwana asifiwe," na kumwongezea soda.

Vidole havikupona. Dawa zinasaidia, na siku za baridi haziwi nzuri. Kusukuma chapati ni kazi ya Kornelio sasa, na chapati zake zina pembe. Lakini Bupe halali tena akiwa anahesabu atakachopoteza kesho yake. Bakuli la stoo limerudia kazi yake ya zamani ya kuoshea mihuri.

Mahakama ilimzuia shemeji yule kukanyaga kwa Rosalia, na nyumba ikabaki yake. Rosalia alikuja mwenyewe kuwaambia, na safari hii alivaa gauni alilojishonea, la kitenge cha njano. Alikuwa na kontena la vitumbua. Farida alikuwa mahakamani, kwa hiyo wawili hao wakakaa pale mezani, kompyuta imezimwa, wakala vitumbua na kuongea habari za mashine za cherehani, ipi inakula uzi na ipi haili, na mtoto wa Lulu akizaliwa ashonewe nguo za rangi gani. Bupe alishika kikombe cha chai kwa viganja viwili, joto likawa linaingia taratibu kwenye vifundo. Mlangoni akatokea mwanamke mwingine, akasimama anasita. Bupe akafuta midomo, akainuka, akamvutia kiti.

"Karibu, mama. Hujachelewa. Kaa upumzike kwanza, vitumbua hivi bado vya moto."